Pombe bwenini: tunamvizia muuzaji getini

"Wauzaji hukaa nje ya geti la shule."

Ndiyo picha tuliyo nayo walimu na wazazi wengi: mtu asiyejulikana, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Watu wa namna hiyo wapo. Ila kwa miaka niliyolea bweni, nilipombana mwanafunzi aseme kapata wapi, aghalabu alitaja mtu wake: mwenzake wa kidato cha tatu, binamu, bodaboda wa kumpeleka stendi. Mgeni anamwogopa, asije akamchoma.

"Dawa za kulevya ni bangi na unga tu."

Kuna dawa ya kikohozi yenye kodeini, kuna valiamu ya bibi kabatini, kuna gundi ya fundi viatu. Hizo hakuna anayezikagua.

"Ni tabia ya watoto wa matajiri."

Wanachanga. Wanne wakitoa hela ya vitumbua, imetosha.

"Kwangu haiwezekani."

Hapa ndipo tunapobishana sana kwenye vikao vya wazazi. Siku ya kipaimara kreti zimepangwa uani, watoto ndio wanaozungusha bia, na mjomba hakosi kusema, "Onja kidogo, umeshakua." Halafu kuna huyu anayetumwa grosari kila jioni kumchukulia baba yake mbili za baridi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, lakini muuzaji anamjua ni mtoto wa fulani, katumwa. Siku akijinunulia yake, nani atamuuliza?

"Viroba vilishapigwa marufuku, yameisha."

Vilipigwa marufuku kweli, tangu 1 Machi 2017, na binafsi nilishangilia, maana kiroba, kile kipakiti cha plastiki cha pombe kali, kilikuwa kinaingia kwenye soksi. Kilichobadilika ni chombo. Muhula mmoja nikikagua matranka nilikuta chupa ya maji ya nusu lita, imejaa, lakini utepe wa mfuniko ulishakatika. Nikaifungua, nikasogeza pua. Gongo!

"Ni maji ya baraka, mwalimu," akasema mwenye tranka. "Nimepewa na bibi."

Tukamwita bibi. Alikuja na kitenge chake kipya, akaitazama ile chupa mezani, akainamisha kichwa. Kwamba ilitoka kwake ilikuwa kweli: ndiye mpishi.