Namna ya kuandika maelezo ya sarafu ya kale ya Kirumi

Wakusanyaji wengi huanza na sarafu moja ndogo ya shaba. Upande wa mbele una mwanamke aliyevaa helmeti, ametazama kushoto, na maneno VRBS ROMA, Kilatini cha “mji wa Roma”. Nyuma kuna mbwamwitu jike anayenyonyesha watoto mapacha, nyota mbili juu yake, na chini ya mstari ulio miguuni pake herufi TRP.

Andika hayo kwanza, kabla ya kufungua katalogi yoyote. Ukianza na picha ya katalogi, jicho litasoma herufi ambazo kwenye sarafu yako zimeshafutika. Herufi iliyofutika lakini isiyo na shaka huwekwa kwenye mabano ya mraba: VRBS RO[MA]. Iache V ilivyo, usiigeuze U. Na usiandike kwamba sura ile ni ya Konstantino, mfalme wa Kirumi aliyetoa sarafu hii: ni Roma, mji wenyewe uliopewa umbo la mwanamke. Jina la mfalme lina nafasi yake, kwenye kipengele cha utawala.

Kisha pima. Uzito uandikwe kwa gramu hadi sehemu ya mia, kipenyo kwa milimita. Aina hii ilianza kutolewa mwaka 330, Konstantino Mkuu alipouzindua mji wa Konstantinopoli, ikiwa na uzito wa karibu gramu 2.5. Miaka michache baadaye serikali ilipunguza shaba na sarafu zikashuka chini ya gramu 2. Kwa hiyo mizani ya bei nafuu inaweza kukusaidia kukadiria mwaka.

Angalia pia uelekeo wa pande mbili. Igeuze sarafu kama ukurasa wa kitabu. Picha ya nyuma ikisimama wima andika 12, ikiwa kichwa chini andika 6. Hizi ni namba zilizochapwa kwenye uso wa saa, si saa tunazozitaja kwa Kiswahili.

TRP hueleza mahali: TR ni kiwanda cha sarafu cha Trier, Ujerumani ya leo, na P ni karakana ya kwanza ya kiwanda hicho. Maelezo yako yatakuwa hivi:

Konstantino Mkuu, shaba, Trier, 330–335. Mbele: VRBS RO[MA], Roma mwenye helmeti, kushoto. Nyuma: mbwamwitu jike na mapacha, juu nyota mbili, chini TRP. Gramu 2.41, milimita 17, uelekeo 6.

Picha ipigwe pande zote mbili zikiwa wima, juu ya kitambaa kisicho na mapambo, mwanga ukitoka upande mmoja kwa juu. Usiisugue sarafu ili ing'ae: ukutu mgumu unailinda, na ukiuondoa unaondoka na herufi. Unga wa kijani kibichi hafifu ni jambo jingine. Huo ni ugonjwa wa shaba, itenge sarafu hiyo na zingine mara moja. Epuka vifuko laini vya plastiki ya PVC, maana hutoa kemikali zinazokula shaba. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha.

Kipengele ninachokisisitiza kuliko vyote ni asili. Uzito unaweza kupimwa tena wakati wowote, lakini kumbukumbu ya umiliki ikipotea haipatikani kwenye sarafu yenyewe. Andika ulinunua kwa nani, lini, na ilitoka mkusanyiko gani, kisha uhifadhi stakabadhi. Makumbusho mengi huuliza kama kitu kilikuwa nje ya nchi yake kabla ya Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaopinga biashara haramu ya mali za kitamaduni. Sarafu iliyochimbuliwa kwa siri imeng'olewa kwenye tabaka la udongo ambalo lingewaeleza wanaakiolojia tarehe ya nyumba au kaburi zima. Muuzaji asiyeweza kueleza alipoipata, usinunue kwake.