Taa ya Cape Point: mnara wa kwanza uliwekwa juu mno

Mimi ni afisa wa meli, zamu yangu kwa kawaida ni ile ya saa sita usiku mpaka saa kumi, kwa hiyo taa za pwani nazijua kuliko miji yenyewe. Mwaka jana meli ilikaa Cape Town siku kadhaa nikapata nafasi ya kwenda Cape Point, rasi yenye majabali kusini mwa mji huo, mahali nilikopita mara nyingi usiku bila kukanyaga, na tangu nirudi watu wananiuliza kwa nini pale kuna minara miwili. Ngoja niwaeleze.

Ule wa juu ndio wa zamani. Uliwashwa mwaka 1860, taa yake ipo mita 249 juu ya bahari, na mnara wenyewe si mrefu kabisa, ni mabamba ya chuma yaliyoundwa Uingereza yakaja kuunganishwa pale kileleni. Nilipoufikia kulikuwa na ukungu mzito, nikaweka kiganja kwenye chuma, kimelowa, maji yanachuruzika kwenye viungio vya mabamba, na bahari siioni ingawa naisikia ikipiga chini yangu. Nikakaa kama nusu saa nikisubiri kufunguke, wapi. Basi nikashuka na njia nyembamba inayofuata mgongo wa mlima kuelekea mnara mpya, na baada ya kushuka kidogo tu nikatoka chini ya wingu, bahari yote hii hapa, nyeupe kwa mapovu, na mnara mpya unaonekana vizuri kabisa pale chini mbele yangu. Nikageuka kutazama nilikotoka, mnara wa zamani hakuna, umemezwa.

Hapo ndipo nilipoielewa kwa mwili hesabu niliyosoma chuoni. Umbali wa kuona taa kwa maili za bahari unapatikana ukichukua kipeuo cha pili cha urefu wake kwa mita ukazidisha kwa 2.08, halafu unaongeza na wa kwako wewe uliyesimama kwenye briji, yaani chumba cha kuongozea meli. Mita 249 zinakupa karibu maili 33, na kama jicho lako liko mita 16 juu ya maji unaongeza nane, jumla 41. Kwenye karatasi ni taa nzuri sana, na waliojenga walikuwa na haki kufurahi. Lakini hewa ya bahari ina unyevunyevu, ikigonga jabali lile inasukumwa juu, inapoa, inakuwa wingu palepale kileleni, ndiyo maana mnara ule ulikuwa unafunikwa wastani wa saa 900 kwa mwaka. Na hata usiku mweupe shida ilikuwepo, maana taa ya juu hivyo inaonekana mapema mno ikipita juu ya vilima, nahodha anayetoka upande wa magharibi anaiona anadhani njia iko wazi, anakata kona karibu na miamba. Taa inatakiwa ikuoneshe ardhi ilipo na pia ijifiche pale ambapo hutakiwi kuwa. Hilo la pili watu wengi hawalifikirii.

Tarehe 18 Aprili 1911 usiku meli ya abiria ya Wareno, Lusitania (si ile iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1915, ni nyingine), ilipanda mwamba wa Bellows Rock. Ukisimama pale chini siku ya mawimbi unauona mwamba huo kwa macho, maji yanapasuka peke yake katikati ya bahari. Baada ya ajali hiyo ndipo ukajengwa mnara mpya, mita 87 tu juu ya maji, ukawashwa mwaka 1919. Kwa jicho la mita 16 hesabu inakupa maili 28, pungufu kabisa ya ule wa kwanza, lakini maili hizo 28 unazipata kweli.

Ukienda, panda kwa miguu kama magoti yanaruhusu, ingawa kipo kigari cha reli, na chakula usikishike mkononi maana nyani wa pale wanapora. Mnara mpya huingii, unautazama kutoka mwisho wa ile njia, ila usiikose, wengi wanapiga picha juu wanarudi kwenye basi. Na tafadhali mtu asikwambie hapo ndipo ncha ya kusini kabisa ya bara la Afrika, ncha hiyo ni Cape Agulhas, mbele zaidi kuelekea mashariki.

Siku mbili baadaye tuliondoka, zamu yangu ikaingia tukiwa tunaizunguka rasi. Juu kote wingu. Chini yake taa ikamulika mara tatu ndani ya sekunde 30, nikahesabu tena na saa mkononi, ikarudia vilevile, nikachukua bearingi, yaani mwelekeo wa taa kutoka melini, nikaiandika kwenye chati.