Hita haipulizi joto? Gesi ya AC haihusiki

Kila baridi ikianza Minneapolis, hakosi mtu wa kukwambia: gari halipashi joto, gesi ya AC imekwisha. Sivyo. Gesi hiyo kazi yake ni kupoza. Kwenye gari la petroli au dizeli, joto linatoka kwenye injini: kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikishapata moto, kama nyuzi 90 za Selsiasi hivi, hupita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa hapo. (Magari ya umeme yenye pampu ya joto ni habari nyingine.)

Kwa hiyo anza na kulanti, injini ikiwa imepoa. Ikipungua, hita ndiyo ya kwanza kulalamika. Kisha tazama geji ya joto la injini. Ikibaki chini hata baada ya mwendo mrefu, shuku thamostati (vali inayodhibiti mzunguko wa kulanti) iliyokwama wazi. Ikipanda vizuri, gusa mipira miwili inayopitisha kulanti kwenye hita, polepole, usiungue. Mmoja wa moto, mwingine baridi: huenda rejeta ile ndogo imeziba. Yote ya moto, lakini hewa baridi? Mara nyingi ni kimota kinachogeuza kilango cha hewa. Wakati mwingine utakisikia kikigonga tik-tik-tik ndani ya dashibodi.

Na ukiiweka hita kwenye AUTO, ijiendeshe yenyewe, feni kunyamaza dakika chache za mwanzo si ubovu. Inasubiri injini ipate moto.