Kuumwa Misuli Si Kipimo cha Nguvu

Wiki hii nimeulizwa tena swali ambalo nimekwisha kuchoka kulijibu kwa upole: "Kocha, siku hizi nikiamka siumwi popote, au mazoezi yameacha kufanya kazi?" Aliyeuliza alikuwa na daftari lake wazi mbele yangu. Wiki sita zilizopita alisukuma dambeli mbili za kilo 10 juu ya kichwa mara 6 kwa shida, na sasa anazisukuma mara 11. Jibu lilikuwa kwenye daftari, naye alikuwa akilitafuta mabegani.

Maumivu yanayofikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya mazoezi hutokana zaidi na ugeni wa kazi, hasa pale unapoteremsha uzito na msuli ukalazimika kurefuka huku umekaza. Ndiyo maana mtu mwenye miguu imara akishuka mlima asiouzoea huchechemea kesho yake, na akiushuka tena baada ya wiki mbili huumwa kidogo tu, ingawa nguvu zake karibu ni zilezile. Anayebadilisha mazoezi kila wiki ili aendelee kuumwa hufanikiwa kuumwa, basi.

Lengo liwe na kilo na idadi ya marudio. "Nataka niwe na nguvu" halipimiki. Hilo sitalirefusha, kwa sababu kinachonitoa jasho ni marudio yenyewe. Mtu huandika 8, kisha 10, kisha 13, kumbe wiki ya kwanza alinyoosha viwiko kabisa na wiki ya nne dambeli zinaishia usawa wa paji la uso. Kwenye skwati mapaja huishia juu zaidi kila uzito unapoongezeka, na mapumziko yaliyokuwa dakika 2 yamekuwa 5 kwa sababu simu iliita. Huyo hana nia ya kudanganya. Mwili hutafuta njia nyepesi bila kumwomba ruhusa mwenye nao. Kwa hiyo weka alama isiyobembelezeka: kiti kilekile ambacho makalio yatakigusa kwenye skwati, kitabu kilekile sakafuni ambacho kifua kitakigusa kwenye pushapu, saa ya kuhesabu mapumziko, na simu ikurekodi kutoka ubavuni. Ukiamua kuteremsha uzito kwa sekunde 3 badala ya moja, hilo ni zoezi jingine, na lifunguliwe ukurasa wake.

Nyumbani kuna tatizo ambalo mwenye fito ya chuma na visahani vidogo vya uzito vya kuongeza halijui. Yeye hutoka kilo 60 hadi 62.5, ongezeko la takriban asilimia 4, ilhali wewe unayetoka dambeli ya kilo 10 kwenda ya 12 umeruka asilimia 20. Panda kwanza kwa marudio: ukifika 12 yaliyo kamili, hamia uzito unaofuata na ukubali kuanza tena na 5 au 6 bila kujiona umeshuka. Ukitaka kulinganisha kurasa hizo mbili, gawanya marudio kwa 30, ongeza 1, kisha zidisha kwa kilo: kilo 10 kwa marudio 12 hutoa 14, na kilo 12 kwa marudio 5 hutoa 14 vilevile, yaani uzito ambao ungeweza kuusukuma mara moja tu. Ni makadirio tu, na hulegea zaidi marudio yakizidi 10, lakini ni salama kuliko kujaribu uzito wa juu kabisa peke yako chumbani bila mtu wa kukudaka.

Nakiri mawili. Katika wiki za mwanzo sehemu kubwa ya ongezeko hutokana na mfumo wa neva kujifunza kuiamrisha misuli, kwa hiyo siwezi kumwambia yule mwenye daftari ni marudio mangapi kati ya yale matano ni msuli na mangapi ni ustadi. La pili linaniaibisha: nawafundisha watu kuacha marudio mawili akiba, yaani kusimama wakati bado wangeweza mawili, nami mwenyewe nikisema yamebaki mawili, mara nyingi huwa yamebaki manne. Siku hizi, kila baada ya wiki kadhaa, huendelea na pushapu mpaka mikono igome, ili nijue ninavyojidanganya.

Yule bwana alifika 12, akahamia kilo 12, akapata 5 safi. Kesho yake asubuhi akaniandikia kwa furaha kubwa kwamba mabega yanamuuma.