Cheti cha jina la biashara hakilindi nembo

Wauzaji wengi wa mtandaoni hapa Lamu, wenye kofia za kushona kwa mkono na masanduku ya kuchonga, huamini kwamba ukishasajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, nembo nayo ni yako. Sivyo. Cheti kile kinaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Nembo husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, kama alama ya biashara, kwa aina ya bidhaa ulizotaja, kwa miaka 10, kisha unahuisha.

Na nembo ya jahazi lenye tanga? Zuri, ila kila duka la Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, linayo. Neno “Lamu” peke yake pia ni jina la mahali, vigumu kulihodhi. Jina la kubuni hukubaliwa kwa urahisi zaidi.