Kufunguka mtandaoni: maana yake, na kwa nini mgeni huambiwa yale ambayo ndugu hayasikii

Kufunguka mtandaoni ni ile hali ya mtu kuwaambia watu asiowajua, kupitia intaneti, maoni au mambo ya moyoni ambayo asingeyatamka mbele ya wanaomjua. Hali hiyo hiyo ndiyo humfanya mtu mpole wa mtaani ageuke mtukanaji akishika simu. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler wa Chuo Kikuu cha Rider, Marekani, aliandika makala iliyoeleza sababu zake, na hadi leo makala hiyo ndiyo mahali wengi wanapoanzia wakitaka kuielewa.

Chukua mfano wa kijana mmoja wa Mbeya, mwaka wa tatu wa ndoa. Mkewe amepata kazi mpya na sasa mshahara wake ni mara mbili ya wa mumewe. Kijana anaumia ndani kwa ndani. Akimwambia kaka, kaka atamwambia mama, na jambo litafika ukweni kabla ya Jumapili. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ndiyo kabisa hathubutu. Basi usiku, mke amelala, anaingia kwenye jukwaa la mijadala na kuandika kwa jina ambalo si lake: "Wakuu, habari za usiku. Kuna jambo linanitafuna. Naombeni ushauri, matusi hapana."

Ndani ya saa moja majibu yanaingia. Wa kwanza: "Pole mkuu. Kabla hatujafika mbali, hela ya mkeo inaingia kwenye ada na kodi ya nyumba au haionekani? Kama inaonekana, mwenye tatizo ni wewe." Wa pili anajitambulisha kuwa ni mwanamke: "Mimi ndiye ninayempita mume wangu mshahara. Kilichotusaidia ni kukaa kila mwisho wa mwezi tukapiga hesabu pamoja. Mwambie unavyojisikia, usimnunie." Wa tatu: "Mwanaume suruali wewe."

Wote wanne wamefunguka, mleta mada na waliomjibu. Mmoja ametoa siri, mmoja ametoa ukweli mchungu, mmoja ametoa yaliyomkuta, wa mwisho ametoa tusi. Suler alizitenganisha sura hizo: kuna kufunguka kwema, ambako mtu hueleza hofu zake, huomba msaada au humfanyia wema mtu asiyemjua, na kuna kufunguka kwa sumu, yaani matusi, vitisho na chuki. Chanzo ni kimoja, na ndiyo maana ni vigumu kuziba mlango wa sumu bila kuubana ule wa wema.

Sababu alizotaja ni sita. Mbili za kwanza kila mtu anazijua: hunijui, na hunioni. Ya tatu ni muda. Kwenye meza ya chakula, ukitoa neno unaona uso wa mwenzako ukibadilika papo hapo; mtandaoni unaandika, unaondoka, unarudi kesho kuona moto ulikofika. Ya nne hatuifikirii sana, nami naona ina uzito mkubwa kuliko tunavyoipa. Unaposoma maneno ya mtu usiyemjua, sauti unayoisikia kichwani umeitunga wewe. Sentensi fupi kama "Una uhakika?" inaweza kuwa swali la kweli la mtu anayetaka kujua, lakini wewe uliyetoka kazini umechoka unaisoma kwa sauti ya dharau, na unamjibu mtu uliyemtengeneza mwenyewe. Magomvi mengi huanzia hapo. Ya tano ni kuona kwamba mtandao ni dunia ya pembeni, ya huku hayahesabiki kule. Ya sita ni kuporomoka kwa ukubwa: profesa, mkuu wa wilaya na kijana wa bodaboda wanaandika kwa herufi zilezile, ndani ya visanduku vilevile, na hakuna anayesimama kumpisha mwenzake kiti.

Kwa jamii zetu hiyo ya sita si jambo dogo. Tumelelewa kwamba mkubwa hapingwi hadharani, na kwamba kuna maneno mdogo hayasemi hata akiwa na haki. Anapopata mahali ambapo umri na cheo havionekani, hoja yake inapimwa kwa mara ya kwanza kama hoja. Kenya ililishuhudia hilo tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, pale Rais William Ruto alipoingia kwenye mazungumzo ya sauti ya mtandao wa X na vijana wakamuuliza moja kwa moja kuhusu waliouawa na waliotekwa. Wengi wao, wakiwa ikulu na suti, wasingeuliza kwa ukali ule.

Watu wengi huishia kwenye sababu ya kwanza pekee na kutoa dawa yao: kila mtu aandike kwa jina lake halisi, matusi yataisha. Dawa hiyo imejaribiwa. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2007 iliyolazimisha watumiaji wa tovuti kubwa kuthibitisha majina yao halisi kabla ya kuandika chochote. Matokeo yake, kampuni zikawa maghala ya taarifa za raia. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watu wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja tu iliyokuwa na mitandao mikubwa nchini humo. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaitupa sheria hiyo, ikisema inabana uhuru wa kujieleza na haijaonyesha kuwa imepunguza maudhui haramu.

Mwaka huohuo wa 2012, watafiti wawili wa Israel, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, walichapisha jaribio ambalo kila mwenye kusimamia kundi la mijadala angefaa kulijua. Waliwachukua watu wasiojuana, wakawapa jambo la kujadiliana wawili wawili kwa kuandikiana, huku wakibadilisha mambo matatu: kujulikana kwa jina, kuonekana, na kutazamana machoni. Kilichochochea ukali kuliko vingine kilikuwa kukosa kutazamana machoni. Jina lilikuwa na nafasi ndogo kuliko walivyotegemea wengi. Nami naamini hivyo kwa kuangalia tu Facebook yetu: watu wanatukana kwa majina yao matatu, picha ya harusi ikiwa pale juu.

Kama jina halisi si dawa, kwa nini kuna majukwaa ambako watu wasiojuana wanabishana miaka nenda miaka rudi na bado unajifunza kitu? Kwa maoni yangu jibu liko kwenye kumbukumbu. Jina la kujibandika linalodumu lina sifa yake ya kulindwa, sawa na jina la kuzaliwa. Washairi wa Kiswahili walilijua hili mapema. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, na katika magazeti yaliyofuata, mshairi wa Tanga aliweza kutupa swali kwa beti akajibiwa na wa Lindi ambaye hawajawahi kuonana. Malumbano yaliweza kuchukua miezi. Wengi walitia sahihi kwa lakabu, na lakabu hiyo ilikuwa mali: ukivunja vina au ukishindwa hoja, wasomaji walikukumbuka nayo.

JamiiForums, jukwaa la mijadala la Tanzania lililoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, limekua kwa msingi huohuo. Pembeni ya kila jina, liwe la kuchekesha namna gani, unaona mwaka ambao mtu alijiunga na idadi ya aliyoyaandika. ID, yaani akaunti, ya mwaka 2010 haimtukani mtu ovyo, maana kuipoteza ni kupoteza heshima iliyojengwa kwa miaka. ID iliyofunguliwa jana usiku haina cha kupoteza, na wazoefu huitambua haraka: "Mkuu umejiunga leo kuja kumsafisha mheshimiwa?" Hapo pia ndipo ilipokua adabu yake ya pekee. Mtu usiyemjua umri unamwita mkuu. Anayedai jambo kubwa anaambiwa alete ushahidi. Anayehama kutoka kwenye jambo kwenda kwa mtu anakumbushwa kwamba tunajadili hoja, hatumjadili mtoa hoja. Anayeandika kwa hasira anaambiwa apunguze povu. Haya hayakuandikwa na mwanasheria. Watu wasiojuana waliyahitaji ili wakae pamoja.

Kubadili mawazo ya mtu nako kuna elimu yake. Mwaka 2013 kijana wa Scotland, Kal Turnbull, akiwa na miaka 17, alianzisha ndani ya Reddit, mtandao wa mijadala, ukumbi ambao mtu huleta msimamo wake na kuwaomba wageni waubomoe. Akishawishika, humpa aliyemshawishi alama ya herufi ya Kigiriki delta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichambua mijadala hiyo na kutoa matokeo mwaka 2016. Hoja zilizofanikiwa zilikuja na maneno mapya ambayo mleta mada hakuyatumia, yaani zilileta upande asioufikiria badala ya kumrudishia ya kwake. Lugha ya kujipunguzia uhakika, kama "huenda" au "inawezekana", haikuwadhuru watoa hoja. Ilionekana zaidi kwa walioshawishi. Wabishani wawili wakishajibizana mara tano, nafasi ya mmoja kumgeuza mwenzake ilikuwa karibu imekwisha. Kuna lingine dogo ninalolipenda: walioandika msimamo wao kwa "mimi" walikuwa wepesi kubadilika kuliko walioandika kwa "sisi". Mtu akishasema "sisi Simba", "sisi Waislamu" au "sisi wa chama fulani", kukubali hoja kunakuwa kama kuwasaliti wenzake.

Rudi kwa kijana wa Mbeya uone. Jibu la mwanamke lilileta upande ambao hakuwa nao kabisa, wa mke anayepata zaidi. La kwanza lilimuuliza swali lenye jibu: hela inaonekana au haionekani. La tatu halikumpa cha kujibu zaidi ya tusi. Na kuna watu mia kadhaa waliosoma mjadala ule bila kuandika neno, baadhi wakiwa na shida ileile. Mara nyingi wanaoshawishika ni hao wa kimya, kwa hiyo anayejibu vizuri anawajibu wao pia, hata kama mleta mada amekasirika na kuondoka.

Kufunguka kunahitaji pia kulindwa, na hapa ndipo watumiaji wengi hujidanganya. Jina la kubandika linakuficha kwa jirani, halikufichi kwa mwenye mtambo. Jukwaa linaweza kuwa na barua pepe yako na anwani ya mtandao uliotumia. Kampuni ya simu ina namba yako, na Tanzania laini zote husajiliwa kwa alama za vidole. Siku polisi wakizihitaji taarifa hizo, usiri wako unabaki kwenye msimamo wa mtu mwingine. Hilo lilimkuta Melo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, polisi walitaka JamiiForums iwape taarifa za baadhi ya waliokuwa wakiandika humo. Alikataa, akakamatwa Desemba 2016, akalala rumande, kisha akafuatwa na kesi zilizomrudisha mahakamani tena na tena kwa miaka. Mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Wanahabari, yenye makao yake New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari.

Juni 2018 jukwaa lenyewe lilizimwa kwa muda baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni kudai leseni na ada, na Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisitisha leseni yake kwa siku 90. Kila tukio la namna hii huwafundisha watu kitu. Wengine huhamia makundi ya Telegram na WhatsApp ambako hakuna kumbukumbu ya wazi ya nani aliwahi kuandika nini, na ID yenye heshima ya miaka 10 inabaki nyuma. Huko mtu huanza upya bila jina la kulinda, mbele ya watu ambao hawajui aliwahi kusema nini jana. Wanaoumia zaidi ni wale waliokuwa na jambo zito la kusema: mtumishi aliyeona zabuni imechezewa, muuguzi anayejua dawa zinakoishia, mke anayepigwa na mume anayeheshimika msikitini au kanisani. Mtukanaji hahitaji jukwaa lenye kumbukumbu wala mwenye jukwaa aliye tayari kulala rumande kwa ajili yake. Hao wengine wanavihitaji vyote viwili.