Okteni ya Juu Si Nguvu Zaidi

Wenye magari wengi huamini kwamba petroli yenye okteni ya juu ina nguvu zaidi, na kwamba ukiichanganya kwenye tangi gari lolote litachangamka. Okteni hupima uwezo wa mafuta kustahimili joto na mgandamizo bila kujiwasha kabla ya wakati, haipimi nishati. Ethanoli inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: okteni yake ni ya juu, ilhali nishati yake kwa lita ni pungufu ya petroli kwa takriban theluthi moja.

Imani hiyo ina chanzo cha kweli. Kwenye injini zenye turbo, kifaa hicho husukuma hewa nyingi ndani ya silinda na kuongeza mgandamizo, na mafuta yasiyostahimili yanapoanza kugonga, yaani kujiwasha kabla ya wakati, kompyuta ya injini huchelewesha cheche, nguvu ikashuka. Hapo okteni inayotakiwa huirudisha nguvu hiyo. Injini iliyoundwa kwa okteni 91 kwa kawaida haifaidiki sana na okteni ya juu zaidi.

Soma kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi, ukiangalia pia kipimo kilichotumika, kwani 91 ya Marekani hukaribia 95 ya RON, kipimo cha okteni kinachotumika nchi nyingi. Lita 20 za 95 zikichanganywa na 20 za 98 hutoa takriban 96.5.